Risala ya Chama cha Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Tunakukaribisha kwenye meza yetu. Hii mbele yako ni ramani ya Tanga, na vibao hivi vyekundu na vya bluu ni majeshi. Asubuhi mzazi mmoja ameona dadu akauliza kama shule siku hizi inafundisha kamari. Hapana, Mheshimiwa. Dadu hizi zimetoka kwa wanajeshi.

Mwaka 1812 Bwana von Reisswitz alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, meza ya kuchezea vita, yenye vipande vya ardhi vinavyopangwa upya kila mara. Mwana wa Reisswitz, ofisa wa mizinga, aliona ramani inatosha. Mwaka 1824 akachapisha kanuni zake: ramani ya kipimo cha 1:8000, na kila zamu ni dakika 2 za vita, kwa hiyo kikosi hakiendi mbali kuliko miguu inavyoweza. Hasara huamuliwa kwa dadu. Jenerali von Müffling alianza kuutazama mchezo huo kwa ubaridi, lakini kabla haujaisha alikuwa anasema huu si mchezo, ni mafunzo ya vita.

Huko Uingereza, mwaka 1913, mwandishi H. G. Wells alitoa kanuni za kupigana sakafuni kwa mizinga midogo ya springi. Kwake mzinga hauhitaji dadu: ukilenga vibaya, umekosa. Tulizijaribu siku moja tu. Askari wawili hadi leo wako chini ya kabati la maabara.

Tukarudi kwa Reisswitz, hasa kwa sababu ya mwamuzi wake. Kila upande humwandikia mwamuzi amri zake, naye huweka mezani kile tu ambacho askari wangeweza kukiona. Kwa utaratibu huo tukaandaa mapigano ya Tanga ya Novemba 1914: watu wapatao 8,000 wa Jenerali Aitken wa Waingereza dhidi ya kama 1,000 wa von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani. Hata nyuki waliowavamia askari wa Aitken wamo; tulibishana wiki nzima wapewe dadu ngapi.

Changamoto yetu, Mheshimiwa, ni kwamba Aitken wetu hushinda kila mara. Tuna chumba kimoja, kwa hiyo anaona kila kibao cha Wajerumani kikishuka treni ya kutoka Moshi. Aitken mwenyewe hakupata bahati hiyo. Tumetundika kanga katikati ya chumba, lakini watu wanachungulia.

Hatuombi fedha. Tunaomba utuombee kwa uongozi wa shule ufunguo wa stoo ya zamani nyuma ya maktaba, upande mmoja ukae huko. Kusafisha tutasafisha wenyewe.

Baada ya risala hii tunakuomba uturushie dadu ya nyuki.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Chama cha Historia