Barua kwa mwanangu aliye Leipzig: usiandike kwamba huna kwenu

Mwanangu mpenzi,

Salamu zikufikie huko Leipzig. Sisi tu wazima, Alhamdulillahi. Presha ya nyanya yako imetulia tangu wambadilishie dawa, ila kutembea bado ni kwa kushikilia ukuta. Mashairi yako yamefika. Babako aliyachapisha kwa saiba karibu na soko la Toi, akayakunja, akayatia mfukoni mwa koti lake la msikitini, na tangu hapo kila anayemsalimia hapa Makina, Kibera, husomewa mawili matatu. Mimi niliyasoma usiku, nyumba imelala, kalamu nyekundu mkononi kama nilivyozoea kusahihisha insha. Ni mazuri. Lile la mvua kwenye mabati nimelirudia mpaka nimelishika kwa moyo. Lakini lile la mwisho limeninyima usingizi, na ndilo linalonifanya nikuandikie leo, kwa kuwa umesema kijitabu kinakwenda kwa mchapishaji mwisho wa mwezi.

Umeandika kwamba hutoki popote. Sudani hawakujui, Kenya haikutaki, Ujerumani imekukodishia chumba tu. Unasema uliposoma ukumbini watu walilia. Mwanangu, usiandike kwamba huna kwenu. Andika mengine yote, hilo liache.

Ya kitambulisho unayajua, ulivyohojiwa kwenu ni wapi kwa kuwa sisi ni Wanubi, uliyapitia mwenyewe, sirudii. Kama hasira ya siku zile bado iko kifuani, iandike. Andika lile benchi, andika ile kamati ya wazee, na cheti cha babu tulichokipaka plastiki kisichanike. Lakini yule aliyekuuliza kwenu ni wapi alikuwa na uwezo wa kukunyima karatasi tu. Kibera hakuwa na uwezo wa kukunyima. Shairi lako limemkabidhi uwezo huo.

Wanubi waliotolewa Sudani wakawa askari wa Mwingereza katika KAR, jeshi lake la Afrika Mashariki, walipewa makao hapa mwanzoni mwa karne iliyopita, kungali msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikaitangaza rasmi kuwa ardhi ya jeshi, zaidi ya ekari 4,000. Babake nyanya yako alikwenda vitani Burma, akarudi, akazikwa hapa. Hatimiliki ya jamii tulipokabidhiwa mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288. Hayo ndiyo ya kuandikwa, maana anayenyang'anywa ardhi ni mwenye ardhi. Huwezi kulia kwamba tulinyang'anywa, na ubeti unaofuata useme hatukuwa na kwetu. Ukisema hivyo umewatetea walionyang'anya, tena kwa mdomo wa mtoto wetu.

Najua mshairi Warsan Shire unampenda, nami nampenda. Alizaliwa hapa Kenya mwaka 1988, wazazi wake Wasomali, akalelewa London. Shairi lake la "Home" limekwenda mbali kwa sababu linawasemea watu walioukimbia moto. Wewe uliondoka na tiketi na ufadhili wa masomo, shangazi zako wanakupigia vigelegele pale uwanja wa ndege hadi askari akaja kutunyamazisha. Upweke wako ninauamini. Baridi, chumba kimoja, watu wasiokusalimia kwenye ngazi, hayo ni mazito na yanastahili mashairi yake. Ila msiba wa mwenzio usiuvae.

Na mtazame mshairi Shailja Patel, mtoto wa Nairobi kama wewe, wazee wake wametoka Gujarat. Katika kitabu chake cha Migritude alifungua sanduku la sari ambazo mamake alikuwa akimwekea kwa ajili ya harusi, na kutoka katika sari hizo akatoa historia nzima ya ukoloni, na Wahindi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, na mateso ya Wakenya vitani dhidi ya Mwingereza. Alishika kitambaa kwanza. Maswali ya mimi ni nani yakamfuata humo humo.

Sasa wewe shika nini? Nyanya yako bado anasuka kawa, macho yake ndiyo hayo. Jana alikuwa mlangoni na beseni la ukindu uliotiwa rangi. Anaanza katikati, anazungusha, zambarau, chungwa, kijani, halafu zambarau tena, na akifika penye fundo anauma kwa jino la pembeni kwa sababu ya mbele hayapo. Rangi imemwingia kwenye kucha haitoki. Huku anaimba zile nyimbo za doluka za harusini, kwa Kinubi, maneno ambayo mimi nayapata nusu. Wewe hukupata hata hiyo nusu, maana nyumbani tulikazania Kiswahili cha shule na Kiingereza cha mtihani. Basi kichukue kwake sasa, angali anaimba. Mpigie simu. Tangu Ramadhani umempigia lini? Yeye halalamiki, ila kila simu ikilia anauliza ni nani.

Unapopita katika chuo chenu ujue kwamba mshairi wetu Abdilatif Abdalla alifundisha Kiswahili humo humo miaka mingi. Nimewafundisha wanafunzi wangu diwani yake, Sauti ya Dhiki. Alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa kijikaratasi cha kuikosoa serikali, Kenya: Twendapi?, na mashairi yale aliyaandika gerezani kwenye karatasi za choo. Alipotoka akahamia Dar es Salaam, kisha London, kisha hapo ulipo. Serikali ilimfungia peke yake chumbani, na bado aliisema Kenya kama mtu anayesema nyumba ya mamake. Kama kuna aliyekuwa na haki ya kusema sina kwetu ni yeye.

Kiingereza sikukatazi. Mwandishi Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana, miaka michache baada ya mapinduzi ya 1964, akaandika kwa Kiingereza huko Uingereza hadi akapewa Nobel mwaka 2021, na kila ukurasa wake una pwani. Lakini kitabu chake Paradise kilitoka 1994, na kwa Kiswahili tukakisoma, Peponi, mwaka 2022. Nyanya yako hana muda wa kungoja hivyo. Shairi ulilomwandikia yeye mwenyewe, lenye jina lake, hajui limesema nini. Babako alijaribu kumfasiria akakwama ubeti wa pili.

Pengine unaona nimeshikilia jambo moja kama kawaida yangu. Nitakwambia kwa nini. Mdogo wako anasoma kila unachoandika. Juzi tunakula, ameweka kijiko chini, akaniuliza, "Mama, kwani sisi hatutoki popote?" Alinitazama machoni kabisa. Huyo miaka miwili ijayo atakwenda kusimama kwenye ile foleni uliyosimama wewe. Nataka aende akijua jibu, na awe amelisikia kutoka kwako, kwa sababu mimi hanisikilizi kama anavyokusikiliza wewe. Kwa hiyo shairi hilo ama ulibadilishe ama ulitoe, kabla halijapigwa chapa. Likishapigwa chapa halirudi.

Fahari yangu juu yako ni kubwa na usidhani vinginevyo. Mwalimu mkuu wa zamani alinisimamisha sokoni kunipongeza. Ila kula vizuri, ile picha uliyotuma uso umekwisha. Koti nunua zito, usione aibu kununua la mitumba, nimesikia huko pia yapo. Na sala usiiache kwa sababu ya ratiba.

Nyumbani: mabati ya jikoni yamebadilishwa kwa zile hela ulizotuma, lakini fundi anadai misumari haikutosha na anataka aongezewe. Babako amemkatalia, sasa hawasalimiani, na upande wa choo bado unavuja. Mpigie fundi wewe, wewe anakuheshimu. Chumba chako analala binamu yako hadi amalize chuo, vitabu vyako nimeviweka juu ya kabati na kuvifunika na shuka. Harusi ya dadako imesogezwa hadi baada ya Idi kwa sababu ya upande wa bwana harusi, mambo marefu, nitakueleza kwa simu. Nyanya ameniambia kawa anayosuka ni ya harusi hiyo na ya pili ni yako, anauliza ikitumwa kwa posta itafika haijapondeka au angoje mtu anayesafiri. Nijibu hilo mapema, na la shairi unijibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mamako