"Sawa" ya kwenye kadi ya kazi inatugharimu

Mhariri,

Magazeti yetu yameandika sana kuhusu akili unde kuwanyang'anya watu kazi. Huku Lamu liko jambo dogo kuliko hilo ambalo halijaandikwa, nalo linaharibu kazi za watu: namna tunavyoandika maoni chini ya kadi ya kazi.

Wapo wenye nyumba za wageni Shela, wakarabati wa majumba ya mawe Mkomani na vijana wanaotengeneza tovuti ambao siku hizi hupanga shughuli zao kwa programu za kufuatilia kazi kama Trello, Jira na Linear. Kila kazi ina kadi, kadi ina mwenyewe na tarehe ya mwisho, na chini yake pana nafasi ya maoni ambapo wenzake hujibizana. Katika nafasi hiyo hiyo ameingia mwenzetu mpya, wakala wa akili unde. Simsemi wakala wa M-Pesa. Huyu ni programu inayoitwa kwa jina lake kwa alama ya @, ikasoma kadi, ikafanya kazi, ikaacha jibu.

Wakala huyu hakukaa nasi barazani. Yaliyokubaliwa baada ya sala ya alasiri, au kwenye kundi la WhatsApp, hanayo. Mwenzako akikuta maoni mafupi hujazia kwa kumbukumbu, au hukupigia simu. Wakala hujazia kwa kukisia, na kisio lake huliandika kwa lugha safi kiasi kwamba msomaji hudhani ni jambo lililothibitishwa.

Tazama maoni ya aina hii, yanayopatikana kwenye kadi nyingi za ukarabati:

"Sawa, zile boriti zije kesho saa mbili, korija tatu, kama tulivyoongea."

Fundi yeyote wa Lamu ameelewa. Wakala ana mahali patano pa kujikwaa. "Zile" ni zipi, ikiwa kadi imetaja boriti, mazio na pau, yaani miti ya ujenzi ya unene mbalimbali? "Kesho" ni kesho ya siku yalipoandikwa au ya siku yaliposomwa? "Saa mbili" kwetu ni asubuhi jua limepanda, lakini kwa programu iliyolishwa zaidi Kiingereza ni saa nane, ya usiku au ya mchana. "Korija tatu" ni boriti 60, kwa kuwa korija ni 20. Asiyejua neno hilo ataagiza boriti 3, na mashua itakuja kutoka Mokowe karibu tupu huku nauli ikilipwa kamili. "Kama tulivyoongea" ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inamwambia kuna makubaliano ambayo hawezi kuyaona.

Maoni hayo yakiandikwa hivi, hayazidi mistari minne:

"@wakala, andaa agizo la boriti 60 (korija 3), urefu mita 3 kila moja, za dari ya chumba cha juu. Zishushwe gatini Lamu Jumanne 13 Oktoba 2026, 08:00 (saa mbili asubuhi). Usitume bado. Rudia hapa idadi, urefu, siku na saa, kisha ungoje niandike NIMEKUBALI."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa. Kumtaka wakala arudie alivyoelewa kabla ya kutenda huchukua dakika moja, na makosa mengi hunaswa hapo hapo, kabla fedha haijatoka.

Kuhusu saa, andika kwa mfumo wa saa 24 na ya Kiswahili kando yake, kila mara, hata kama wote kwenye kadi ni Waamu. Pia angalia mipangilio ya saa ya programu yenyewe. Nyingi huhifadhi muda kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, nasi tuko saa tatu mbele. Kadi iliyowekwa iishe saa sita usiku kwa UTC, kwetu inaisha 03:00, yaani saa tisa usiku, na anayefika ofisini asubuhi huikuta imeshapakwa rangi nyekundu ya kuchelewa.

Miezi nayo ina mtego. Anayepanga vyumba vya wageni wa Maulidi akiandika "Mfungo Sita", wakala anaweza kuusoma kama mwezi wa sita na kushika tarehe za Juni. Mfungo Sita ni Rabiul Awwal, na mwezi huo hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka katika kalenda ya kizungu. Andika jina la mfungo, kisha tarehe ya kalenda ya kizungu, na useme wazi kama tarehe hiyo inangojea mwandamo.

Lugha yetu wenyewe inataka uangalifu zaidi. Fundi akiandika "ndoo na mai", kwa Kiamu anasema njoo na maji. Wakala aliyejifunza Kiswahili sanifu ataona ndoo ya kutekea na neno asilolijua, na huenda akaongeza ndoo kwenye orodha ya manunuzi. Nasikia wengine wakisema dawa ni kuwalazimisha mafundi waandike Kiswahili sanifu. Napinga kabisa. Fundi aandike kama asemavyo, kwani maneno yake ndiyo yenye majina sahihi ya kazi. Mwenye kadi ndiye atie chini yake mstari mmoja wa ufafanuzi kabla ya kumwita wakala.

Na adabu? Kwa wenzetu ibaki kama ilivyo. Fundi mzee akikosea kipimo, hasahihishwi mbele ya kadi nzima. Apigiwe simu kwanza, kisha kipimo kipya kiandikwe bila kumtaja nani alikosea. Lakini agizo kwa wakala likivishwa "ukipata nafasi" au "kama itawezekana", huenda akalichukua kuwa jambo la hiari na kulipita. Mwambie moja kwa moja: fanya hiki, usifanye kile, ishia hapa.

"Inshallah" pia. Sisi tunajua kwa sauti ya msemaji kama ni ahadi au ni kukataa kwa upole. Kwenye maandishi sauti haipo, na wakala anayeandaa muhtasari wa wiki anaweza kuandika kuwa mtu amethibitisha. Neno hili tusiliache, ila litanguliwe na jibu lenyewe: "Ndiyo, nitaleta chokaa Alhamisi, inshallah."

Alama ya kidole gumba chini ya maoni nayo ina maana mbili. Mmoja huiweka kusema "nimeona", mwingine kusema "nimekubali". Kikundi kikubaliane siku ya kwanza kwamba alama ni ya kuona tu, na idhini huandikwa kwa maneno, ikitaja kinachoidhinishwa. Ujumbe wa sauti, tunaoupenda sana, usiachwe peke yake kwenye kadi: mawakala wengi hawatausikiliza, na hata binadamu hawezi kuutafuta kwa neno miezi sita baadaye.

Sasa niseme jambo linalowatatiza hata wataalamu. Mtu humkabidhi wakala kazi, kisha akakumbuka kitu, akarudi kuhariri maoni yake ya zamani. Katika programu nyingi wakala huamshwa na kutajwa au na kukabidhiwa kazi. Kuhariri maandishi ya zamani hakumwamshi. Kwa wanaotengeneza tovuti kwa GitHub, mahali pa kutunzia msimbo wa programu, ukimkabidhi tiketi (kadi ya huko) wakala wa Copilot, husoma kichwa, maelezo na maoni yaliyokuwepo wakati ule. Maoni utakayoongeza kwenye tiketi baadaye hayamfikii. Inabidi uyaandike kwenye ombi la kuunganisha mabadiliko ("pull request") ambalo amelifungua. Nyongeza iliyobaki kwenye tiketi ni sawa na barua iliyotiwa sanduku lisilofunguliwa, na ndiyo maana kijana hushangaa bei ya chumba kwenye tovuti ni ile ya zamani ilhali "alishaandika".

Kwa hiyo jambo jipya liandikwe kama maoni mapya, chini ya mjadala wake, na wakala atajwe tena. Mjadala ukiisha, aliyeufungua aandike uamuzi kwa sentensi moja na kuufunga. Kadi yenye maoni 40 na maamuzi matatu yanayopingana humfanya wakala achague mojawapo, na si lazima liwe la mwisho. Uamuzi ukibadilika, badilisha na maelezo ya juu ya kadi, maana huko ndiko kila anayeingia huanzia.

Kila kadi iwe na mtu mmoja mwenye kuiwajibikia, hata kama kazi yote inafanywa na wakala. Linear imelijenga hili ndani ya programu: ukimkaimisha wakala kazi, jina la binadamu hubaki kwenye kadi kama mwenye kazi. Ambapo programu haifanyi hivyo, tufanye wenyewe. Na mawakala wawili wasiachwe waitane kwenye kadi moja bila mtu katikati. Mmoja huuliza, mwingine hujibu, wa kwanza huuliza tena, na malipo ya matumizi hupanda usiku kucha.

Wakala akiandika "nimemaliza", mtake ushahidi: namba ya agizo, kiungo cha faili, idadi ya kabla na ya baada, na yale ambayo hakuyafanya. Kisha fungua faili mwenyewe. Wapo wanaoandika kwamba wamesasisha orodha ya bei kumbe kuhifadhi kulishindikana.

Mhariri, naomba msisitizo kwenye siri za watu. Picha ya pasipoti ya mgeni, namba yake ya simu, ujumbe wa M-Pesa uliobandikwa kuonyesha amelipa: vyote hivi vinatiwa kwenye maoni kana kwamba ni daftari la ndani. Kila mwenye ruhusa ya bodi, yaani ubao wenye kadi zote, huviona, wakala huvisoma, na mara nyingi huhifadhiwa kwenye kompyuta zilizo nje ya nchi. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na inawahusu hata wenye nyumba ya vyumba vinne. Andika "mgeni wa chumba 3, amelipa, risiti iko kwenye faili", inatosha.

Barua pepe za watu wa nje nazo zisibandikwe hovyo. Ndani yake panaweza kufichwa sentensi inayomwelekeza wakala, kwa mfano abadilishe namba ya kulipia, naye akaitii akidhani imetoka kwako. Kuandika "hii ni nukuu" husaidia kidogo tu. Kinga ya kweli ni kumpa wakala akaunti yake, isiyo na uwezo wa kulipa wala kufuta, na kutomwazima neno la siri la mwenye biashara.

Ombi langu ni kwamba gazeti lenu, linalosomwa na walimu wengi, lisaidie kupata maneno ya Kiswahili ya kazi hizi. Mwanafunzi wa kompyuta hapa anafundishwa kubonyeza "assign", "resolve" na "mention" bila kuambiwa kwa lugha yake nini hutokea anapobonyeza. Mimi nimetumia kukabidhi, kufunga mjadala na kutaja. Kama wapo wasomaji Malindi, Mombasa au Unguja wenye maneno bora, wayalete katika ukurasa huu.

Msomaji wenu,
Mkomani, Lamu