Mvutaji ndiye anayepaswa kuinuka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie uvutaji wa sigara hadharani. Mimi ni mwalimu mstaafu ninayeishi hapa Dodoma, na nimevuta sigara kwa miaka 31.

Katika vijiwe vya kahawa ninavyopitia jioni, kila yanapozuka mazungumzo ya marufuku ya kuvuta hadharani hoja inayorudiwa ni ileile: mtu mzima ananunua sigara kwa fedha yake, anaumiza mapafu yake mwenyewe, na anayekerwa na moshi ana mdomo wa kusema. Hoja hiyo niliitetea kwa miaka mingi. Leo nataka kuipinga sehemu yake ya mwisho, kwa kuwa naamini kosa lote limelala hapo.

Asubuhi moja ya mwezi Juni, msimu wa baridi na upepo hapa Dodoma, nilikuwa nimeketi stendi nikisubiri basi la kwenda Singida. Akaja mama kijana mwenye mtoto mchanga mgongoni, akanisalimu, "Shikamoo, baba," nami nikamwitikia "Marahaba, mwanangu," huku sigara ikiwaka mkononi mwangu. Akaketi upande ule ambako upepo ulikuwa unapeleka moshi. Kwanza alimfunika mtoto uso kwa kitenge. Baada ya muda akainuka, akachukua begi lake, akaenda kusimama nje ya kibanda, penye upepo mkali, na hapo alikaa mpaka basi lilipofika. Hakunitamkia neno, na tulipofika mlangoni mwa basi alinipisha nitangulie kupanda. Nilisafiri hadi Singida nikijiuliza nilitarajia aseme nini.

Hangeweza kusema, Mhariri. Kwetu katikati ya nchi, awe Mgogo, Mnyaturu au Mrangi, binti aliyelelewa vizuri hamwambii mtu mwenye mvi azime sigara. Mhudumu wa baa naye hamwambii mteja anayemtegemea kwa riziki, wala kibarua hamwambii msimamizi wake. Tunaposema kwamba anayekerwa aseme, tunamtwisha mzigo yule ambaye adabu au njaa imemfunga mdomo, kisha kimya chake tunakihesabu kuwa ridhaa. Ndiyo maana nimefika mahali pa kuikubali marufuku bila kinyongo, kwani sheria inasema kwa niaba ya wasioweza kusema.

Sheria hiyo si ngeni. Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ilitungwa mwaka 2003, na mwaka 2007 nchi yetu iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Shirika hilo linakadiria kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na kati yao wapo takriban milioni 1.6 wasiovuta, ambao kosa lao ni kupumua karibu na sisi tunaovuta. Mtoto mchanga hupumua kwa kasi kuliko mtu mzima na mapafu yake bado yanakua, hivyo moshi humwongezea hatari ya nimonia, pumu na maambukizi ya masikio.

Udhaifu ninaouona katika sheria yetu ni ruhusa ya kutenga eneo la wavutaji. Katika kumbi kadhaa eneo hilo ni meza mbili za plastiki zilizosogezwa pembeni, chini ya paa lilelile. Moshi wa meza hizo humfikia mhudumu kabla hajaweka chupa mezani, naye yupo pale tangu saa tisa alasiri hadi usiku wa manane, siku sita kwa wiki. Miongozo ya mkataba huo inaeleza wazi kwamba feni na vyumba vya pembeni havimkingi mtu na moshi. Ireland iliondoa sigara kwenye baa zake zote mwaka 2004, na jirani zetu wa Uganda, kwa sheria yao ya mwaka 2015, wanamtaka mvutaji akae umbali wa mita 50 kutoka mahali pa umma. Wabunge wanaokutana mjini kwetu wanaweza kuirekebisha sheria ya 2003 iende huko, na mkulima wa tumbaku wa Urambo au Manyoni hadhuriki kwa sababu mtu amevutia sigara uwanjani badala ya ukumbini.

Wenzangu watasema kwamba sielewi uraibu. Nauelewa. Nimejaribu kuacha mara tatu na mara tatu nimerudi, kwa hiyo simwambii mtu aache kesho asubuhi. Nikotini inanidai sigara, lakini haijapata kunidai niivutie kwenye benchi la abiria. Kuchagua mahali pa kuvutia kuko mikononi mwangu hata siku ambazo kuacha kumenishinda. Tangu safari ile huinuka kabla ya kuwasha, nikaenda mbali na watu, na kichungi nakizimia ndani ya kopo dogo ninalotembea nalo, maana majani yetu ya kiangazi hushika moto kwa cheche ndogo sana.

Naiomba Halmashauri ya Jiji iweke katika stendi na masoko sehemu ya wazi, mbali na mabenchi na njia ya abiria, yenye ndoo ya mchanga na kibao kinachosomeka, ili mvutaji asipate kisingizio cha kukosa pa kwenda. Marekebisho ya sheria yatachukua muda. Mwenye baa anaweza kuzitoa nje meza zile mbili leo jioni, na hahitaji kusubiri kibali cha mtu yeyote.

Msomaji wako,
Mwalimu mstaafu,
Chang'ombe, Dodoma