Kibofu kwanza, miguu baadaye: kumuuguza mbwa aliyepasuliwa mgongo

Mteja anapotupigia simu sisi tunaosaidia kuuguza mbwa majumbani hapa Mtwara, kwamba mbwa wake amefanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo na miguu ya nyuma imelegea, swali letu la kwanza ni hili: amekojoa saa ngapi, na nani alimkamua, yaani alikibana kibofu kwa viganja mkojo utoke? Miguu inaweza kusubiri wiki sita. Kibofu hakisubiri hata siku mbili.

Neva zinazoamrisha miguu ya nyuma zinapita njia moja na zile za kibofu. Diski (mto laini ulio kati ya pingili za mgongo) iliyochomoza, au pingili iliyovunjika kwa kugongwa na bodaboda, ikiubana uti wa mgongo, mbwa hupoteza miguu na pia uwezo wa kuhisi kuwa kibofu kimejaa. Kikijaa kupita kiasi, misuli yake hutanuka mpaka inashindwa kujikunja tena, na mkojo uliotuama humo huzaa maambukizi yanayopanda hadi kwenye figo. Wengi hudanganywa na matone. Mbwa akinyanyuliwa anatiririsha mkojo kidogo, mwenyewe anasema anakojoa vizuri. Kumbe kibofu kimefurika tu, kama ndoo iliyojaa inavyomwagika ukiisogeza.

Ratiba yetu ya kukamua ni saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 5 usiku. Mlaze ubavu, au msaidizi amsimamishe kwa mbeleko. Weka viganja bapa pande mbili za tumbo, mbele kidogo ya mapaja, upapase polepole mpaka ukutane na kitu mfano wa puto lenye maji. Bana kwa viganja, si kwa ncha za vidole, ukielekeza nguvu nyuma kwenye mkia. Shikilia bila kushtukiza, maana mkojo huchelewa sekunde kadhaa kabla ya kutoka, na hapo ndipo wengi huachia mapema. Endelea mpaka ukisikie kimenywea. Kikikaza kama mpira na hakitoi kitu, acha: kuongeza nguvu kunaweza kukipasua. Mbwa huyo anahitaji dawa ya kulegeza mlango wa kibofu au mpira wa mkojo, na hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Mkojo ukiwa na mawingu, damu au harufu kali kuliko kawaida, aonwe siku hiyohiyo.

Kukamua hujifunzwa kwa mikono, si kwa kusoma. Ndiyo maana siku tatu za kwanza tunakuja nyumbani, Mtwara mjini na Mikindani, tunakamua pamoja na mhudumu mpaka mkono wake mwenyewe ukitambue kibofu. Kwa wanaomrudisha mbwa kwa barabara kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, mkamueni kabla ya kuondoka na tena mkifika Nangurukuru, karibu nusu ya njia. Mlazeni ndani ya kizimba, asipakatwe, kwa sababu kila tuta linautikisa mshono.

Nyumba nyingi za huku ni za watu wanaoswali, na mate na mkojo wa mbwa huwapa wasiwasi. Tunashauri kutenga kibaraza cha nyuma, glovu za kutupa, na nguo na kanga za kazi hii peke yake, pamoja na mahali maalumu pa kujisafishia. Wasiwasi ukipatiwa nafasi yake, mbwa hakosi wa kumhudumia.

Kizimba kiwe cha kumtosha kugeuka na kulala amejinyoosha, kisimpe nafasi ya kuruka. Atakaa humo wiki nne hadi sita, akitoka kukamuliwa na kufanya mazoezi tu. Chini weka godoro la sponji la inchi 4 lililofunikwa nailoni, juu yake kanga kavu inayobadilishwa kila ikilowa. Mgeuze ubavu kila baada ya saa nne, na kila jioni papasa nyonga, magoti na vifundo: ngozi yenye wekundu au iliyonyonyoka manyoya ndiyo mwanzo wa kidonda cha kulalia. Kwa joto na unyevu wa pwani yetu, ngozi iliyolowa mkojo huvuta nzi, nao mayai yao huanguliwa funza ndani ya siku moja. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu, mkaushe kabisa, kisha mpake mafuta ya mgando kwa utando mwembamba. Chandarua juu ya kizimba husaidia sana.

Kuhusu dawa tunasema wazi: usimpe mbwa diklofenaki, ibuprofeni wala parasetamoli zilizopo kabatini. Mbili za kwanza huweza kumtoboa tumbo na kuua figo, na hatari huongezeka sana akiwa bado anatumia dawa ya kupunguza uvimbe, deksamethasoni au prednisoloni, aliyoandikiwa na daktari.

Mazoezi huanza daktari aliyempasua akiruhusu. Mbwa alale ubavu, shika mguu juu na chini ya kiungo, ukikunje na kukinyoosha taratibu mara 10 hadi 15, kuanzia vidole, kifundo, goti hadi nyonga, mara tatu kwa siku. Lengo ni viungo visikakamae na misuli isiyeyuke haraka. Kumsimamisha, pitisha kanga iliyokunjwa mara nne chini ya tumbo, mbele ya mapaja. Kwa dume angalia isimbane uume. Sakafu ya vigae ni adui: tandika mpira, kwa kuwa mkeka nao huteleza. Mguu unaoburuzwa huchubuka juu ya vidole, uvalishe soksi ya mtoto na uivue akirudi kizimbani.

Hapa watu hufurahi kabla ya wakati. Ukimfinya kidole akauvuta mguu, hiyo siyo dalili kwamba anahisi. Mguu huweza kujivuta wenyewe bila ubongo kujua. Dalili ya kweli ni kugeuza kichwa, kulia au kutaka kuuma. Mbwa wengi waliobaki na hisia hiyo kabla ya upasuaji hutembea tena, aghalabu ndani ya wiki chache. Waliokwisha kuipoteza kwa sababu ya diski, matumaini ni kama nusu kwa nusu; kwa pingili iliyovunjika ni madogo zaidi. Na siku za mwanzo, ulegevu ukipanda hadi miguu ya mbele au pumzi ikawa nzito, mpigie daktari saa hiyohiyo.

Baada ya nyuzi kutolewa, siku ya 10 hadi ya 14, na mshono kukauka kabisa, bahari ni msaada mkubwa kwa sababu maji hubeba uzito. Chagua ufuo wa mchanga usio na matumbawe, maji yamfikie nyongani, mshike kwa mbeleko muda wote, dakika tano zinatosha mwanzoni. Kisha msuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Kigari cha magurudumu tunakitengeneza kwa mabomba ya plastiki ya nusu inchi, tena kwa mbwa aliyeruhusiwa na daktari tu. Tunahitaji vipimo vitatu akiwa amesimamishwa: kutoka ardhini hadi paja linapoungana na mwili, kutoka begani hadi shina la mkia, na upana wa nyonga. Kikizidi urefu, uzito wote huhamia miguu ya mbele na mabega huuma. Kikipungua, vidole huburuzika. Aanze kwa dakika 10, asiachwe peke yake, na akivuliwa kagua makwapa na tumbo kama mkanda umemchuna.

Unapotuita, uwe na barua ya daktari aliyempasua, orodha ya dawa na muda aliokamuliwa mara ya mwisho. Kwa mbwa ambaye hakupasuliwa, amelegea miguu ghafla bila kuumia na hana chanjo ya kichaa cha mbwa, usimshike mdomo wala usimlishe kwa mkono. Mfungie mahali pake na umwite ofisa mifugo kwanza.