Waliozama na Khedive Ismail nao ni mashujaa

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja wa Kisauni ameandika kwamba askari waliokufa njiani kwenda vitani wasitiwe katika hesabu ya mashujaa, maana hawakufyatua hata risasi moja. Barua yake niliisoma nikiwa kwenye feri ya Likoni. Nikalikunja gazeti, nikalitia mkobani, na hasira nikaenda nazo mpaka nyumbani.

Ami yangu, kaka mkubwa wa baba, alikuwa mvuvi hapa Mtongwe kabla ya kuingia jeshini. Bibi alizoea kusema "alikwenda Keya", yaani King's African Rifles, askari wa miguu wa wakoloni, ingawa hasa alikuwa askari wa mizinga. Februari 1944 walipakiwa Kilindini katika meli ya Khedive Ismail, yeye na kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, safari ya Colombo. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli kwa topido. Ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Kati ya watu 1,511 waliokuwamo, walikufa 1,297, na 77 kati yao ni wanawake, wengi wauguzi.

Mimi sikumwona ami. Ninayoyasema niliyapata kwa bibi, naye aliambiwa na Mkamba mmoja aliyeokoka. Vita vilipokwisha mtu huyo alitokea Mtongwe na gunia la pojo begani, akiuliza kwa Kiswahili chake cha bara nyumba ya mama wa fulani. Alieleza kuwa walikuwa chini melini, na kishindo kilipotokea, watu wote waliikimbilia ngazi moja. Ami alishafika juu, kichwa kishatoka nje, naye maji kwake ni kama barazani. Akageuka akashuka. Wale vijana wa bara, wengine bahari waliiona mara ya kwanza siku ile ya kupanda meli. Mkamba alishikwa matakoni akasukumwa juu kama gunia (bibi akifika hapo hucheka kwanza, machozi baadaye), na nyuma yake akasukumwa mwingine. Wa tatu hakumwona.

Na huko juu hakukuwa salama. Nyambizi ilikuwa chini ya watu walewale waliokuwa wakielea, na manowari ya Kiingereza, Petard, ikatupa mabomu ya majini papo hapo, na wenzetu wamo. Yule Mkamba aliyashuhudia akiwa ameng'ang'ania ubao. Nyambizi ilizamishwa siku ileile, sawa. Lakini hilo nalo msomaji wa Kisauni anaita kufa njiani?

Habari ilipofika Mtongwe, zaidi ya miezi mitano ilikuwa imepita. Mke wa ami akaenda kwa shekhe kuuliza aanze eda lini. Akajibiwa kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, kwa hiyo yake imeshapita bila mwenyewe kujua. Akarudi nyumbani, akaikaa yote, miezi minne na siku kumi.

Kaburi hana. Jina lake liko Nairobi, katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, kwenye ukumbusho wa askari wa Afrika Mashariki. Nilipanda treni nikaenda, nikaligusa kwa kidole. Ila wao hawakuondokea Nairobi. Waliondokea hapa, wakapita mlangobahari uleule tunaovuka kila siku na ndoo zetu za samaki. Mwaka 2019 Siku ya Mashujaa iliadhimishwa kitaifa pale bustani ya Mama Ngina, kando ya mlangobahari huo, nami nilikuwapo, nikasimama juani toka asubuhi nikingoja walau mtu mmoja aitaje meli ile. Sikumsikia.

Ninaloomba ni dogo: kibao, papo hapo Mama Ngina, upande wa wauza mihogo, ambako meli hupita karibu hata unaona mabaharia wameanika nguo. Kiandikwe kwa Kiswahili, jina la meli, kikosi na tarehe. Sanamu sitaki, tunazo.

Huyo ndugu wa Kisauni namkaribisha kwetu. Kuvuka feri kwa miguu ni bure, na pojo zipo.

Mama wa Mtongwe,
Mombasa