Barua kwa Mwanaidi: vikombe vya Pangani

Bagamoyo,
Jumatatu usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Huku wote wazima, umeme ndiyo huo unaoujua. Mama Tatu anakusalimu na anaulizia sinia lake. Salamu zimetosha, maana picha zako tangu juzi hazinipi usingizi, na haya ninayotaka kusema hayaandikiki kwenye simu, kidole kitaota sugu.

Hivyo vikombe vya kahawa. Vikombe 40 vya hoteli ya Pangani, vya raku, hivi tunavyovitoa tanurini vikiwa vyekundu na kuvifukiza kwenye pipa la maranda, na arubuni umeshapokea? Mwanaidi! Chombo cha raku si cha kunywea. Udongo wake huishia nyuzi 1000 au chini kidogo, haujajifunga, bado unanyonya maji kama mtungi. Na glezi yenyewe, ile ngozi ya kioo ya juu, tunaipasua makusudi, ndio uzuri wake. Kahawa itapita kwenye hizo nyufa, itakaa ndani, na baada ya wiki mbili kikombe kinanuka kama tambara la jikoni. Glezi ya shaba ndiyo mbaya zaidi: mgeni akikamulia ndimu kwenye chai yake, shaba inatoka.

Najua utaniambia mbona Wajapani wanakunywa. Wanakunywa, tangu karne ya 16, mfinyanzi Chōjirō alipokuwa akimfinyangia Sen no Rikyū, bingwa wa chai, mabakuli ya chai kule Kyoto. Lakini hayo yanatolewa tanurini yanapoa hewani, pipa la maranda halimo. Haya ya pipa na moshi ni ya Marekani, ya mfinyanzi Paul Soldner, 1960. Jina moja, mambo mawili. Nitarudi kwenye hao watu wa Pangani, usiwapigie simu kwanza.

Sasa yale madoa. Ulisema vyungu vilitoka vizima, vikakaa rafuni siku kumi, halafu vikaanza kubanduka vipande vidogo kama ukucha, na katikati ya kila shimo kuna nukta nyeupe. Hizo ni kombe. Umechanganya udongo na mchanga wa pwani, sivyo? Kipande cha kombe kikipata moto wa nyuzi 900 kinakuwa chokaa hai, kisha kinakunywa unyevu wa hewa polepole, kinavimba, kinausukuma udongo. Kuuosha mchanga kunaondoa chumvi tu, kombe linabaki palepale. Weka mchanga kijiko kimoja kwenye kisahani, mwagia siki: ukitoa povu, peleka kwa mafundi wa kupiga lipu. Chukua vigae, yaani vyungu vyako vilivyovunjika baada ya mchomo wa kwanza, ule wa kabla ya glezi (unavyo vingi, usinifiche), viponde kwenye kinu cha zamani, vipite kwenye chujio la chai. Kilo 1 ya vigae kwa kilo 3 za udongo mkavu. Hivyo ndivyo vinavyokifanya chungu kistahimili kutolewa motoni kikiwa chekundu. Bila vigae kinapasuka mkononi mwa koleo. Unene wa ukuta milimita 5 au 6, usawa pande zote. Na hivyo vyenye nukta usihangaike kuvipaka glezi, ni kupoteza friti, huo unga wa kioo wa kutengenezea glezi.

Ya glezi: ile nyeupe yenye nyufa pima friti ya alkali gramu 850, kaolini (udongo mweupe) 150, juu yake oksidi ya bati 60 na bentonaiti (udongo laini unaonata) 20. Bentonaiti ichanganye na unga ungali mkavu, ukiitia kwenye maji inafanya madonge kama ugali wa mvivu. Maji anza na mililita 800, ongeza kidogo kidogo mpaka iwe nzito kama tui la kwanza. Chekecheo la matundu 80 kwa inchi, mara mbili, usione uvivu. Kwa ile ya shaba acha bati, weka kaboneti ya shaba gramu 30. Bluu ni kobalti gramu 5 mpaka 10, haihitaji zaidi, kobalti ni kama pilipili mbuzi. Kaolini ya Pugu inafaa ila ina mchanga mwingi: loweka, koroga, subiri mchanga utue, mimina yale maji meupe kwenye ndoo nyingine, ukaushe kinachobaki. Ukipima unga vaa barakoa. Na ile poda nyekundu aliyokuletea Kassimu, kama ni madini ya risasi, mrudishie leo leo na unawe mikono. Kassimu na vitu vyake vya bei poa!

Mabaka ya vipara kwenye bakuli la tatu, pale glezi ilipojikunja ikaacha udongo wazi, ni mafuta. Ulikuna nazi ukaenda kushika vyungu? Vumbi nalo linafanya hivyohivyo. Futa kila chungu kwa sponji lenye unyevu, kiache nusu saa, ndipo upake. Ndani kwanza: jaza, hesabu tatu, mwaga. Nje kwa brashi mapigo matatu, kila pigo likivuka lililotangulia, na usiongeze mpaka mng'ao wa maji upotee. Choma kwa pini uone unene: nyeupe inataka milimita 1 na nusu hivi, shaba inataka 1. Ikiwa nyembamba, nyufa zinabanana na rangi inakuwa ya kijivu, ndiyo hiyo yako. Chini acha milimita 5 bila glezi, la sivyo chungu kinagandamana na rafu.

Lakini hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Wewe unapamba raku kama unavyopiga hina, unafikiria mstari unaouweka. Kwenye raku fikiria usipopaka. Moshi hauingii kwenye glezi iliyoyeyuka, unaingia kwenye udongo ulio wazi na kwenye nyufa, basi. Kila ulipopaacha ndipo penye weusi, na weusi ndio wino wako. Nakshi ya ukili unayoipenda ifanye kwa solotepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi: kata vipande vya milimita 6, vibandike kama miyaa inavyopishana, sugua kingo kwa ukucha, paka glezi juu ya vyote, halafu vibandue glezi ikiwa imepoteza mng'ao ila haijawa unga. Ukichelewa inabanduka na kingo zake. Mstari chini ya milimita 3 usijisumbue, glezi ikiyeyuka inaumeza. Ukitaka mkono ulioachiwa, tumia nta: mshumaa ndani ya kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Tone likidondoka pasipotakiwa halifutiki, mpaka chungu kirudi motoni kiungue nta yote. Brashi ya nta iwe ya nta milele.

Kabla ya kupakia, panga vyungu juu ya mfuniko wa tanuri mpaka viwe vya moto kushika. Chenye unyevu kitalipuka na kumwagia wenzake vigae. Mchomo wa kwanza wa siku upeleke taratibu, saa nzima au na nusu. Inayofuata dakika 40 zinatosha kwa kuwa tanuri limeshakolea. Usiamini kipimajoto peke yake. Chungulia na miwani ya giza: glezi itachemka vipovu kama uji, usiitoe, ngoja itulie ing'ae kama imelowa. Hapo ndipo.

Kutoka hapo ni sekunde. Nyeupe, ikiwa kwenye koleo, iache hewani sekunde 15 hivi mpaka uisikie inalia ti, ti, ti. Hizo ndizo nyufa zinafunguka. Ndiyo uiweke kwenye pipa. Ukiiwahisha, nyufa hazijafunguka na moshi hauna pa kuingia. Shaba kinyume chake: mbio, kusiwe na salamu njiani. Chini ya pipa maranda makavu sentimita 5, moto ukishika tupia magazeti, funika, ziba ukingo kwa mchanga uliolowa. Pipa liwe dogo linalokitosha chungu kimoja tu, kwa sababu kubwa lina hewa, na hewa ndiyo inayorudisha shaba kuwa kijani. Maranda mabichi yanatoa mvuke badala ya moshi. Ya mbao zenye rangi au dawa ya mchwa usiyaguse, moshi wake ni sumu. Makumbi yanafuka vizuri, ila yakigusa glezi laini yanaacha alama zake. Wengine wanazipenda, mimi naona kama chungu kimeparuliwa na paka. Dakika 20 bila kufungua. Na usichungulie, nakujua! Ukiinua mfuniko mapema, hewa inaingia ghafla na moto unarukia usoni. Shaba ikitoka itumbukize kwenye maji papo hapo ili rangi isihame. Nyeupe iache ipoe yenyewe, weusi wa masizi utausugua kesho kwa sabuni ya unga na steliwaya.

Na msichomee tena chini ya lile banda la makuti, nilivyoona kwenye picha roho iliruka. Uwanjani, asubuhi kusi halijachachamaa, ndoo mbili za maji karibu. Viatu vya kufunika, si kandambili. Khanga na buibui vibaki ndani, vaa pamba iliyokubana.

Haya, Pangani. Ushauri wangu: waambie vikombe havitawezekana kwa raku, lakini utawafanyia vyetezo. Kila chumba chetezo chake cha udi, chenye nakshi ya ukili na weusi wa moshi. Hapo udongo wenye vigae ni faida, haushtuki na kaa la moto. Ndani usipake glezi. Waelekeze waweke majivu sentimita 1 chini kabla ya makaa. Kaa likigusa udongo, weusi wa pale unaungua na kubaki doa jeupe, halafu watakuletea lawama. Kama wanang'ang'ania vikombe, basi vipeleke tanuri la umeme na glezi ya kawaida isiyopasuka, wala usitaje raku. Na hata vyetezo vya shaba waambie mapema kwamba rangi itafifia kidogo kidogo kwa miaka, hasa dirishani. Ukisema kabla ni maelezo, ukisema baada ni kisingizio.

Nilitaka pia kukueleza ile ya kuchora chungu cha moto kwa manyoya ya mkia wa farasi, lakini Tanga utampata wapi farasi... punda labda. Siku nyingine.

Sasa nijibu. Arubuni walikupa kiasi gani, na umeshaila? Tarehe ya mwisho lini? Friti imebaki kilo ngapi, maana naweza kumpa Omari wa basi la Alhamisi? Hiyo friti yako imeandikwa ya alkali, au ulichukua tu iliyokuwepo dukani? Ukimwagia siki mchanga wako unatoa povu au hautoi? Koleo lako lina urefu gani, mbona kwenye picha mkono wa Halima uko karibu hivyo? Na sinia la Mama Tatu liko wapi?

Wako,
Zuhura