Msiwafutie semina wanafunzi wa mwaka wa kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika katika safu hii kwamba vijana wanaofeli mwaka wa kwanza chuo kikuu hawakwenda kusoma bali kustarehe. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kikubwa cha umma. Nasimamia semina za hisabati za mwaka wa kwanza, yaani vipindi vya mazoezi katika makundi madogo, nasahihisha mitihani yao, na orodha ya wenye sapu, yaani wanaotakiwa kurudia mtihani, hupita mikononi mwangu kabla ya kubandikwa. Wapo wanaostarehe, sikatai. Lakini wengi ninaowajua walifeli huku wakikesha na madaftari, na ningependa wazazi na wakuu wa vyuo wajue hilo linawezekanaje.

Kijana anatoka sekondari ambako mwalimu alimjua kwa jina. Anaingia ukumbi wa mihadhara wenye watu mia saba. Ukichelewa kidogo unakaa ngazini. Ukikaa nyuma husomi kilicho ubaoni, unanakili kwa jirani, na kosa lake linakuwa lako. Kipaza sauti kikizimika, nusu ya ukumbi inaambulia kutazama midomo ya mhadhiri. Anayetaka kuuliza swali lazima awe na moyo mgumu, maana watamsikia wote, na mhadhiri mwenyewe ana saa moja tu ya kumaliza mada. Basi hanyooshi mkono, anajiambia atakwenda kulielewa chumbani.

Akiugua wiki mbili hakuna anayejua. Karatasi ya mahudhurio inazungushwa na mwenzake anamsainia, tena kwa nia njema kabisa. Tangazo la kubadilishwa ukumbi linatumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa na kuzama chini ya mamia ya ujumbe mwingine. Kazi ya kikundi wanapewa watu kumi na watano, wanaifanya watatu, waliobaki wanaandika majina na namba za usajili. Alama za kazi hiyo zinamtuliza mwanafunzi. Mtihani wa mwisho ndio unaomwambia ukweli, na wakati huo semista imekwisha.

Kuna binti alikuja ofisini kwangu baada ya matokeo, akiwa na madaftari yake yote. Niliyapitia. Kila mfano wa mhadhara ulikuwemo, umeandikwa kwa mwandiko safi, na maswali ya kila mada alikuwa ameyajaribu zaidi ya mara moja. Kosa lilikuwa lile lile ukurasa baada ya ukurasa: alichukulia kwamba kipeuo cha pili cha jumla ya namba mbili ni sawa na kutafuta kipeuo cha kila moja kisha kujumlisha. Kipeuo cha pili cha 9 + 16 ni 5, lakini kwa njia yake kilitoka 7. Kosa hilo moja lilimharibia kila kitu kilichofuata. Mtu yeyote aliyeketi naye meza moja na kumtazama akikokotoa angeliona kwa dakika chache. Nilipomuuliza anasoma na nani, alinijibu, “Peke yangu, mwalimu. Nilidhani wenzangu wote wanaelewa.”

Jibu hilo halikuwa geni kwangu, na si geni katika utafiti wa elimu ya juu. Katika miaka ya 1970, Uri Treisman, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, huko Marekani, ambacho nacho ni cha umma, alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi wengi walikuwa wakianguka katika somo la hisabati liitwalo kalkulasi. Wahadhiri aliowauliza walimpa majibu kama ya msomaji wako: hawana hamasa, hawakuandaliwa vizuri, familia hazijali. Treisman hakuridhika. Akawafuata wanafunzi wenyewe huko wanakosomea. Alikuta vijana wenye bidii, wengine walikuwa vinara wa shule zao, na familia zao zilithamini sana elimu. Ila walisoma peke yao. Wanafunzi wenye asili ya China, ambao walifanya vizuri, walikuwa wakisoma mmoja mmoja kisha wanakutana jioni, wanalinganisha majibu na kusahihishana. Kwa hiyo aliunda vikundi vya kukaa pamoja na kupambana na maswali magumu, magumu kuliko ya darasani, na waliojiunga wakaanza kufaulu vizuri. Kinachonigusa zaidi ni kwamba hakuwaita wadhaifu wala hakuwapa masomo mepesi ya kuwarudisha nyuma.

Nayaandika haya kwa sababu pale ninapofundisha semina zinakufa. Kundi langu lilikuwa la watu wasiozidi thelathini, sasa makundi yameunganishwa na nina karibu tisini katika chumba kimoja. Na lipo pendekezo la kuziondoa kabisa kwa mwaka wa kwanza, badala yake mihadhara irekodiwe na kuwekwa kwenye intaneti. Siipingi video. Mwanafunzi aliyekuwa ngazini atafurahi kumsikia mhadhiri vizuri kwa mara ya kwanza, na ataweza kurudia sehemu iliyompita. Lakini video haiwezi kumtazama yule binti akikokotoa.

Tena ushahidi upo. Mwaka 2014, mtafiti Scott Freeman na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati katika vyuo vikuu. Pale ambapo wanafunzi walikaa kumsikiliza mhadhiri tu, wastani wa waliofeli ulikuwa takriban 34 katika kila 100. Pale walipofanya kazi wenyewe darasani, wakijadiliana na kujaribu maswali, ulikuwa takriban 22. Tofauti hiyo ukiipeleka kwenye ukumbi wa mia saba, ni vijana zaidi ya themanini.

Najua jibu litakaloletwa: hakuna fedha za kuajiri wasimamizi. Ni kweli fedha ni chache, ninaiona hali hiyo kila semista. Lakini chuo kikubwa kina utajiri ambao chuo kidogo hakina, nao ni wanafunzi wengi wa mwaka wa pili na wa tatu waliofaulu somo hilo hilo juzi tu, na bado wanakumbuka walikwama wapi. Chuo Kikuu cha Missouri–Kansas City cha Marekani, cha umma pia, kilianza mwaka 1973 utaratibu uliobuniwa na Deanna Martin. Wanachagua somo linaloangusha wengi, si mwanafunzi anayeanguka. Mwanafunzi aliyelifaulu vizuri anarudi kukaa kwenye mihadhara pamoja na wapya, kisha anaongoza vipindi vya mazoezi kila wiki kwa yeyote anayependa kuja. Viongozi hao hawafundishi upya wala hawatoi majibu, wanawaongoza wenzao kuulizana. Utaratibu huo umeenea katika vyuo vya nchi nyingi, Afrika Kusini ikiwemo. Unahitaji posho kidogo kwa viongozi hao, mafunzo ya siku chache na mtu wa kuratibu. Kuhusu vyumba, wakuu wapite kwenye vyumba vya madarasa baada ya saa kumi na mbili jioni wahesabu vilivyo tupu.

Wazazi nao wanaweza kusaidia. Mtoto akipiga simu, swali la kwanza lisiwe amepata alama ngapi. Muulizeni anasoma na nani, na nani angejua kama hakuhudhuria wiki hii. Akisita kujibu, msisubiri matokeo.

Ombi langu kwa seneti za vyuo, kabla ratiba za mwaka ujao hazijapitishwa, ni hili: kwa kila somo la mwaka wa kwanza linaloongoza kwa sapu, semina zibaki na zisizidi watu thelathini. Pasipo na mhadhiri msaidizi wa kutosha, zisimamiwe na wanafunzi wa miaka ya juu, na msimamizi wa kila kundi apewe orodha ya majina pamoja na namba za simu, ili anayekosekana mara mbili mfululizo apigiwe.

Mhadhiri msaidizi wa hisabati,
Chuo kikuu cha umma